Mbwa Anayekimbiza Kuku: Kabla Hujafikiria Sumu, Jaribu Mpira



Katika kazi hii ya ugani, suala la mbwa anayekamata kuku hunifikia likiwa limeshachelewa. Mtu haji kuomba ushauri, anakuja kuulizia sumu. Kuku wa jirani wamekufa, fidia imelipwa mara moja au mbili, maneno makali yameshatoka, na mbwa yuleyule anayelinda boma usiku amehukumiwa kifo mchana.

Sumu sitakupa. Nyama iliyotiwa sumu haichagui nani aile. Ataila mbwa wa jirani, ataila paka, watakufa ndege wanaokula mizoga, na mtoto anayetambaa anaweza kuiokota. Ninachokupa leo ni njia ambayo nimeiona ikifanya kazi kwa wafugaji, na kifaa chake kikubwa ni mpira wa matambara.

Si ukorofi, ni silika

Kuwinda kwa mbwa ni mnyororo wa matendo yanayofuatana: kuona, kukodoa macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata kwa meno, kuua, kisha kula. Mtafiti wa Marekani, Raymond Coppinger, aliyewachunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi, alionyesha kwamba aina mbalimbali za mbwa zimerithi mnyororo huu kwa viwango tofauti. Mbwa wa kuchunga kondoo anayeitwa Border Collie hukodoa macho, hunyatia na kukimbiza, lakini hatakiwi kufika kwenye kuuma. Mbwa wa Anatolia kutoka Uturuki, wanaolinda mifugo, hamu yao ya kukimbiza ni hafifu. Mbwa wetu wa kienyeji hakuzalishwa kwa kazi moja tu, kwa hiyo usishangae ukikuta mnyororo wake umekamilika.

Hapa pana jambo la kushika. Kwa mbwa, kukimbiza kwenyewe ni raha, hata asipokula kitu. Ndiyo maana mbwa aliyeshiba ugali na mchuzi bado anaruka kuku anapopiga mbawa. Mlishe vizuri, ndiyo, kwa sababu mbwa mwenye njaa ana sababu ya pili ya kuua. Lakini usitegemee kwamba shibe peke yake itamtuliza.

Kwa nini fimbo haitoshi

Wengi hupiga. Wengine humfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze. Tatizo ni kwamba adhabu inakuja wakati raha imeshapatikana. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha sasa na mbio za nusu saa iliyopita. Anachojifunza ni kwamba ukimkaribia akiwa na kitu mdomoni, mambo ni mabaya. Kesho atakimbia mbali zaidi na kuku wake, na ukimwita hatakuja. Umepoteza kuku, na umepoteza pia sauti yako juu ya mbwa.

Hatua ya 1: Asipate tena nafasi ya kukimbiza

Kila mbio anazofanikiwa ni somo linalozidi kukaa kichwani. Kwa hiyo katika wiki za mafunzo, kuku wakiwa nje mbwa awe amefungwa kivulini penye maji, na mbwa akiwa huru kuku wawe bandani. Ukimtoa, tumia kamba nene ya mita 5 hadi 10. Kamba nyembamba itakukata mikono siku atakapochomoka. Ikiwezekana, ifunge kwenye mkanda unaopita kifuani badala ya shingoni, ili akichomoka asijikabe.

Hatua ya 2: Mpe windo lake halali

Mbwa mwenye hamu kubwa hawezi kuambiwa "usiwinde" halafu akakaa tu. Mpe kitu anachoruhusiwa kukimbiza.

Tengeneza mpira wa matambara ulioshonwa vizuri, mkubwa kiasi kwamba hauwezi kuingia kooni. Usitumie ile mipira ya mifuko ya plastiki wanayochezea watoto, kwa kuwa akimeza vipande, utumbo unaweza kuziba. Usitumie pia manyoya ya kuku wala ngozi ya mbuzi. Usimfundishe kupenda harufu ya kitu unachotaka akiache.

Chukua fimbo ya mita moja na nusu, funga kamba ya mita mbili, na mwishoni funga tambara au mpira huo. Uburute chini kwa mizunguko, usimrushe juu, kwa maana kurukaruka huumiza viungo, hasa vya mbwa ambaye hajafikisha mwaka. Fuata utaratibu huu:

1. Mpira ukiwa umetulia chini, mbwa akae kwanza. Asipokaa, mpira hauendi popote.
2. Sema "Haya!" na uanze kuuburuta. Mwache akimbize, na mara kwa mara mwache aukamate. Asiyekamata kamwe hukata tamaa au huchanganyikiwa.
3. Akishaukamata, acha kuvuta. Sema "Acha!" na umwonyeshe dagaa puani. Akiachia, mpe dagaa, kisha mchezo uendelee.
4. Baada ya dakika 5, maliza ukiwa bado anautaka.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo zima. Unamfundisha mbwa kwamba kuachia windo hakumnyimi kitu, maana anapata dagaa na mchezo unarudi. Neno "Acha!" likishazoeleka kwenye mpira, ndipo linaweza kuanza kusikika mbele ya kuku.

Fanya hivi asubuhi mapema na jioni jua likiwa limepoa. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Ukiona ulimi umetoka sana, anahema kwa nguvu na kuyumba, simamisha mchezo, mpeleke kivulini, mpe maji na mmwagie maji mwilini.

Mpira unapogeuka kuwa wazimu

Kuna mbwa wakishaujua mpira hawataki kingine. Wanabweka mbele ya mlango, wanatetemeka, wanamrukia mtoto aliyeushika. Usifurahie ukadhani ndiyo mafunzo yamekolea. Msisimko ukizidi, masikio hufunga, na mbwa wa namna hiyo hawezi kusikia "Acha!".

Dawa yake ni tatu. Kwanza, mpira ni mali yako. Baada ya mchezo uning'inize juu ya paa au uufungie ndani. Pili, usirushe mara hamsini mfululizo. Rusha mara chache, kisha badilisha: mfunge mbwa, ficha mpira kwenye majani, umwachie autafute kwa pua. Kunusa humchosha mbwa kwa utulivu, tofauti na mbio zinazomzidishia moto. Tatu, mkurupuko usilipwe. Akibweka, simama kimya mpira ukiwa nyuma ya mgongo. Akitulia hata kwa pumzi mbili, mchezo uanze.

Watoto wasimnyang'anye mpira wala wasimvute mdomoni. Na wewe usimfukuze akikimbia nao, kwani kwake huo ni mchezo mwingine. Kuwa na mipira miwili inayofanana. Ukichezesha wa pili, ataudondosha wa kwanza.

Hatua ya 3: Punguza umbali polepole

Sasa warudi kuku. Mbwa akiwa kwenye kamba, tafuta umbali ambao anawaona kuku lakini bado anaweza kula dagaa mkononi mwako. Kwa mmoja ni hatua 15, kwa mwingine ni 50. Akiwatazama kuku kisha akakugeukia wewe, mpe dagaa papo hapo, na baada ya mara kadhaa rudi naye nyuma ucheze naye mpira. Kesho sogea hatua mbili. Akikodoa macho, mwili ukakakamaa na dagaa hataki, umekaribia mno. Rudi nyuma.

Mama mmoja katika kata ninayohudumia alikuwa na dume la miaka miwili hivi lililoua kuku watano wa jirani. Jirani alishasema wazi kwamba likiingia tena uani kwake halitatoka. Mama yule anaishi na wajukuu tu, na mbuzi wake walishaibwa siku za nyuma. Aliniambia, "Daktari, huyu ndiye anayenifanya nilale." Tulianza hatua 40 kutoka kwa kuku, mjukuu mkubwa akishika kamba na bibi akishika dagaa. Baada ya wiki sita mbwa alikuwa anaweza kulala chini kuku wakipita hatua kumi mbele yake. Kamba haijatolewa hadi leo kuku wakiwa nje, na ndivyo nilivyoshauri. Jirani hajapoteza kuku mwingine. Hakumsifu mbwa, alisema tu, "Naona siku hizi amepata kazi."

Mipaka yake

Silika haifutiki. Mbwa aliyekwisha kuua asiachwe peke yake na vifaranga hata awe mtulivu namna gani. Banda imara na uzio ni sehemu ya mafunzo.

Kama unatafuta mbwa wa kukaa na mbuzi, anza na mtoto wa mbwa. Wiki za 3 hadi 12 hivi za umri wake ndizo anazojifunza nani ni jamaa yake. Huko Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia tangu 1994, na watoto wa mbwa hao hukulia ndani ya zizi. Lakini kumbuka, hao ni mbwa waliozalishwa kwa kazi hiyo. Mbwa wako wa kienyeji anaweza kufika huko pia, ila atahitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Usimpe utumbo, ini au mapafu mabichi ya mifugo. Humwambukiza tegu ambao mayai yake humdhuru binadamu. Chemsha vizuri au fukia.

Na hili ni la maisha: mbwa aliyebadilika ghafla, anayeuma hovyo, anayetokwa na ute mdomoni au kushindwa kumeza, huyo si wa mpira. Huenda ana kichaa cha mbwa. Usimshike, toa taarifa haraka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa wako achanjwe kila mwaka.

Anza leo jioni. Shona mpira, funga kamba, weka dagaa mfukoni. Na kabla ya yote, nenda kwa jirani yako, umweleze unachofanya na umwombe muda wa wiki sita. Mbwa wengi wanakufa kwa sumu kwa sababu jirani hakujua kwamba kuna mtu anahangaika kumrekebisha. Ukikwama, mwone afisa mifugo wa kata yako.

Ufugaji mwema.