Ng'ombe Walilala Wapi?

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi watu wengine: ukisafiri na beshte wako wa karibu, picha ndizo kitu cha mwisho utakachopata. Picha utapiga hata ukiwa peke yako. Beshte ni wa kuuliza lile swali ambalo wewe ungelipita ukitafuta mahali mwanga ni poa.

Mimi na wangu ni watoto wa Kimumu. Mwaka huu anaenda Canada kusoma, na tulikuwa tumeapiana kwamba lazima tutoke nje ya nchi pamoja kabla hajapanda ndege. Mtaani walitarajia Dubai. Chapaa yetu ikasema Kilwa.

Kama ulisoma historia shule ya upili, hilo jina ulilikariri kwa ajili ya mtihani, ukalisahau siku hiyo hiyo. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa Tanzania. Tulichukua basi Eldoret hadi Nairobi, tukapita Namanga hadi Dar es Salaam. Kutoka Dar ni kama kilomita 300 tena, unavuka mto Rufiji, hadi Kilwa Masoko. Hapo unachukua kibali, unapanda mashua, na kabla hujazoea mawimbi umeshafika.

Manze, ile kitu si mchezo. Kuna Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, una nguzo na kuba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Halafu unatembea ukiwa umelowa jasho hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, lililojengwa mapema karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya 100. Lina bwawa la pembe nane, na bahari iko chini yake. Dhahabu ilitoka bara, huko Zimbabwe ya leo, ikapitia Sofala, ikafika hapa kabla ya kwenda Uarabuni na India. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita hapa mwaka 1331 na kuusifu mji. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe, na moja yenye jina la huyo sultani ilipatikana Great Zimbabwe. Hebu fikiria umbali huo bila gari.

Beshte yangu alikaa kwenye ukingo wa lile bwawa, akanyamaza sana. Halafu akasema, "Sasa sisi kwetu tulijenga nini? Nikifika Canada wakiniuliza, niseme nini? Sisi tulikuwa tu na ng'ombe."

Sikuwa na la kumjibu. Aliyejibu ni kijana aliyekuwa akitutembeza, mwenyeji wa kisiwa, ambaye asubuhi nzima alikuwa akicheka Kiswahili chetu. Aliuliza kwa upole tu: "Samahani dada, na hao ng'ombe walikuwa wanalala wapi?"

Hilo swali limenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu jibu liko hapa kwetu. Ukisema Sirikwa Eldoret, wengi wanafikiria hoteli. Lakini kwenye nyanda hizi za Uasin Gishu kuna mashimo ya Sirikwa, mabonde madogo ya mviringo yaliyochimbwa kwenye miteremko. Kuna wakati watu walidhani wenyeji wa kale waliishi ndani ya hayo mashimo. Mwanaakiolojia John Sutton aliyachunguza miaka ya 1960, akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala ndani. Lango lilikuwa moja, upande wa chini wa mteremko. Nyumba zilijengwa zikiwa zimeshikana na zizi, na mlango wa nyumba ulifunguka ndani ya zizi. Yaani mwizi wa ng'ombe angelazimika kupita mbele ya familia nzima. Hiyo ni ramani ya mtu aliyekaa chini akafikiria.

Na miaka? Karibu karne ya 13 hadi ya 18. Sultani akijengewa bwawa kule Kilwa, huku juu watu walikuwa wakichimba mazizi.

Sisemi zizi ni sawa na jumba la sultani. Sisemi pia kwamba jumba kubwa ni dalili ya watu bora, kwa sababu hiyo Kilwa tunayoipigia picha, karne ya 18 iliuza watu kwa Wafaransa wapelekwe visiwa vyao kulima. Ninachosema ni kwamba tumefundishwa kuhesabu historia kwa mawe yaliyosimama peke yake. Kama hakuna ukuta, ati hakukuwa na watu.

Hata mawe ya Kilwa hayakusimama yenyewe. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yalitolewa mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Kuna watu waliamua kwamba hayataanguka. Sisi huku trekta inapita juu ya shimo, mahindi yanapandwa, shamba linakatwa ploti za hamsini kwa mia, na kesho mtoto wa hapo anasema kwetu hakukuwa na kitu.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu. Ukiwa na chapaa ya kufika Dar, fika Kilwa, na uende na mtu ambaye mnaweza kubishana naye. Ukiwa na ya matatu tu, shuka Nakuru uone Hyrax Hill, ambako mashimo ya Sirikwa yamehifadhiwa na kuna jumba la makumbusho. Na kama huna hata hiyo, kaa na kogo wako jioni moja, weka simu chini, umuulize kama kwenye shamba lenu kulikuwa na shimo ambalo hakuna aliyejua lilitoka wapi. Akikuonyesha, mwambie mwenye trekta azunguke.