Huyu Dada wa Mbeya Hana Picha Hata Moja na Watoto wa Stendi

Ukiingia Insta ya huyu dada, jina kapuni, utakutana na keki, harusi za washkaji na mawingu ya Mlima Loleza. Basi. Huwezi kujua kwamba usiku, baridi ya Mbeya ikishaanza kung'ata, yuko Kabwe au Mwanjelwa, amechuchumaa kando ya mabanda yaliyofungwa, anapiga stori na madogo wanaolala pale. Stori zenyewe ni Mbeya City na Prisons. Simu haitoki mfukoni.

Yuko kwenye shirika dogo linalosaidia watoto wa mitaani kurudi nyumbani. Wengi wakisikia hivyo wanawaza ile siku ya pilau: staa anashuka kwenye gari, anapiga picha na madogo, kesho yake kiki mjini. Pilau si mbaya, mwenye njaa anakula. Ila sufuria likiisha, dogo analala palepale.

Kazi yenyewe inaenda taratibu. Kuna dogo wa miaka 12 aliyesema kwao ni Tukuyu. Wiki iliyofuata, Makambako. Jina nalo likabadilika. Dada hakumbishia, maana mtoto aliyekimbia kipigo hawezi kumwambia kila mtu kwao ni wapi. Wiki ya sita ndipo dogo akafunguka: "Anti, kwetu Mufindi. Nilidandia lori la mbao."

Hapo simu zikaanza. Afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kisha basi la kwenda Iringa, peke yake kwanza, bila mtoto. Kwa nini? Kwa sababu kumrudisha mtoto kwenye nyumba iliyomfukuza ni kumkatia tiketi ya kurudi stendi.

Alimkuta bibi analea wajukuu wanne. Huko nyanda za juu hiyo si ajabu. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Iringa ni asilimia 11.3 na Mbeya 9.3, wakati taifa zima lilikuwa karibu na 5. Nyuma ya namba hizo kuna bibi wengi waliobaki na watoto wa watoto wao.

"Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Yu hai?"

Bibi alimtaka mjukuu. Tatizo lilikuwa mjomba wa nyumba hiyohiyo, mwenye fimbo. Kikao kikakaliwa mara tatu, na mwisho mama mdogo wa Mafinga akakubali kukaa na dogo. Shule ikafuata. Ada ya shule za serikali iliondolewa tangu 2016, sawa, lakini sare, madaftari na cheti cha kuzaliwa bado vinamsubiri mtu wa kuvihangaikia.

Mwezi wa tatu dogo akala kona. Akaonekana tena Kabwe.

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokwama. Kwenye karatasi alishahesabiwa "amerudishwa", na nauli ya safari ya pili haina fungu. Dada alichangisha kwa wenzake, buku mbili mbili, akapanda basi tena. Kumbe shuleni walikuwa wanamwita chokoraa. Akakaa na mwalimu, wakayamaliza. Sasa anapiga simu kila Jumapili jioni, na dogo mwenyewe ndiye anayepokea.

Mtoto kukaa nyumbani mwaka mzima hakupigiki picha, ndiyo maana hujawahi kuiona kwenye page yoyote.

Na wewe una sehemu yako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali za mtaa. Ukishindwa kufika ofisini, piga 116, ni bure. Ukikuta dogo amelala barazani, msalimie, muulize ameshakula, kisha piga simu. Kamera iache mfukoni.