Tulipofungwa Nane Bila pale Mkolani



Ndugu msomaji, mwaka wangu wa kichungaji niliufanya Mkolani, kando ya barabara itokayo Mwanza mjini kwenda Shinyanga, ukishapita Nyegezi na kabla hujafika Buhongwa. Anayeifahamu Mwanza anajua kwamba huku mawe ndiyo wenyeji na sisi watu ni wapangaji. Nyumba zimejibana kati ya miamba, na hata kiwanja cha mpira kikipatikana, hakikosi jiwe ambalo hakuna aliyeweza kuling'oa. Letu lilikuwa karibu na kona ya kushoto. Watoto walilizoea mpaka wakawa wanalipigia pasi.

Paroko alinikabidhi watumikiaji wa altare, wavulana wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne. Kila Jumamosi tulianza na mazoezi ya kutumikia, kisha tukashuka kiwanjani. Watani wetu walikuwa watoto wa kigango cha jirani, ng'ambo ya barabara kuu. Utani huo ulikuwa mkali kwa sababu watoto wa pande zote mbili walisoma pamoja: uliyemfunga Jumamosi, Jumatatu unakaa naye dawati moja.

Mwaka ule wa 2023 mpira ulikuwa umewasha watu moto. Jumapili ya tarehe 5 Novemba, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hadi mapumziko ilikuwa moja moja. Mabao manne yakaingia kipindi cha pili. Kesho yake hapakuwa na kijiwe ambacho hukuonyeshwa vidole vitano. Kwenye banda umiza la karibu na parokia niliwasikia watu wazima wakigawana lawama: huyu mabeki, huyu kipa, yule viongozi. Tarehe 7, siku mbili tu baada ya mechi, Simba ikatangaza kuachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, yule tuliyezoea kumwita Robertinho. Watoto wangu waliyasikia yote hayo. Mtoto hafundishwi kulaumu. Anakaa tu karibu na wakubwa.

Wiki mbili baadaye ikafika zamu yetu.

Lazima niseme ukweli kuhusu siku ile. Tulikuwa na beki mmoja mrefu, mtulivu, ndiye aliyeshikilia lango letu pamoja na kipa. Mimi, kwa kutaka ushindi mnono ambao ungezungumzwa mpaka kwa Paroko, nikamtoa nyuma nikampeleka kucheza mbele. Nahodha aliniuliza, "Frateri, nyuma atabaki nani?" Nikamjibu kwamba leo hawa hawatavuka katikati.

Walivuka. Hadi mapumziko tulikuwa tumeshafungwa matatu. Watoto walikuja wakakaa chini, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope, wakisubiri nitawaambia nini. Nikamgeukia kipa mbele ya wenzake wote nikasema, "Wewe umekuja kulala golini?"

Ni maneno manne tu. Kipindi cha pili alicheza kama mtu aliyefungwa mikono. Tukamaliza nane bila. Watani wetu walitusindikiza hadi barabarani wakituonyesha vidole nane, na watoto wangu, ambao hawakuwa na la kuwajibu, wakamgeukia yule niliyekwisha kuwaonyesha. Mmoja alimvua glovu mkononi. Niliona. Nikajifanya ninahesabu mipira.

Jumapili iliyofuata, Misa ya kwanza, Paroko aliinua Hostia na kengele haikulia. Kipa wetu ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Ukimya ule ulikuwa wa sekunde chache tu na waamini wengi pengine hawakuutambua, lakini mimi niliusikia mwilini. Jumapili ya pili hakuja tena. Baada ya Misa Paroko aliniuliza, "Frateri, mtoto wetu wa kengele yuko wapi?" Nikasema labda anaumwa. Naye akanitazama kidogo, akasema, "Kamwangalie mgonjwa wako basi."

Nikaenda jioni. Mama yake huuza dagaa anaowanunua Mwaloni, Kirumba, na nilimkuta uani akiwachambua. Nikamsalimu, "Mwadila mayu." Akaitikia, akanivutia kigoda. Nikaanza kueleza kwamba mtoto haonekani kanisani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza:

"Frateri, siku ile wewe ulikuwa unacheza namba ngapi?"

"Mimi sikucheza, mama. Nilikuwa kocha."

"Kumbe kocha hafungwi?"

Nilinyamaza. Halafu nikasema, "Hufungwa, mama. Kocha naye hufungwa."

"Basi kamwambie hayo mwenyewe. Yuko nyuma ya nyumba. Mimi hataki kunisikia."

Alikuwa amekaa juu ya mwamba, akitazama mabasi yanavyopita kwenda Shinyanga. Nikakaa karibu naye. Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kisha akasema bila kunitazama, "Frateri, lile la tatu lilinipita katikati ya miguu."

Nikamwambia, "Na mimi nilikuondolea beki."

Akasema, "Najua."

Ndugu msomaji, neno hilo moja lilinichoma kuliko vidole nane. Mtoto wa miaka kumi na mbili alijua tangu siku ile kosa lilianzia wapi. Wenzake walipomzomea, angeweza kusema, "Mwulizeni Frateri." Hakusema. Alilibeba kosa langu pamoja na lake, akakaa nalo nyumbani wiki mbili, huku mimi mwenye kosa nikivaa kanzu nyeupe na kukaa altareni. Nikamwomba msamaha. Aliinama akachezea kijiwe kwa kidole cha mguu. Hakusema amenisamehe, wala hakusema atarudi, na mimi sikumlazimisha.

Jumamosi niliwakusanya wengine pale kwenye jiwe la kona. Niliwakumbusha kwanza kwamba kufungwa nyingi si ugeni katika nchi hii. Mwaka 1968 Yanga iliwafunga watani wake mabao 5-0, wakati huo bado wakiitwa Sunderland. Mwaka 1977 Simba ikalipa 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Mei 2012 Simba tena, 5-0. Kisha hii 5-1 ya juzi. Kila mkono uliowahi kuonyesha vidole umewahi kuonyeshwa vidole. Nikawakumbusha pia mechi ya Oktoba 2013, Yanga ilipokwenda mapumziko ikiongoza 3-0 na mchezo ukaisha 3-3. Katika mapumziko ya siku ile, nikawaambia, kuna mtu alizungumza na wachezaji wa Simba. Sijui aliwaambia nini, lakini nina hakika hakuwaambia kama nilivyowaambia ninyi.

Kisha nikaungama mbele yao. Nikasema nilimtoa beki kwa sababu ya majivuno, na nikamtupia kipa kosa langu. Nikawauliza kila mmoja aseme lake, lake tu, asitaje la mwenzake.

Ilikuwa kazi ngumu. Wa kwanza alisema, "Mimi sikurudi kukaba kwa sababu fulani naye hakurudi." Nikamwambia aondoe fulani, abaki yeye. Akarudia: "Mimi sikurudi kukaba." Wa pili alisema aliogopa mpira wa kichwa. Wa tatu alisema goli la sita lilipoingia yeye alikuwa anakunywa maji kwa mama muuza karanga. Tulicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu siku ile. Aliyemvua mwenzake glovu alikuwa wa mwisho. Alisema tu, "Zipo nyumbani. Nimeshazifua."

Kila Misa tunaianza kwa kukiri makosa yetu na kujigonga kifua. Nimefanya hivyo tangu utoto, lakini sikuwahi kutazama mkono unaelekea wapi. Hakuna anayemgonga jirani yake kifuani. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 16, tunasoma habari za mbuzi aliyewekewa dhambi za watu wote kichwani na kupelekwa jangwani. Sisi bado tunamtafuta mbuzi huyo kila tunaposhindwa: kocha, kipa, mke, mweka hazina wa jumuiya, mseminari mwenzetu aliyerudishwa nyumbani. Tunasahau kwamba Kristo alikwisha kutolewa nje ya mji kwa ajili yetu, tena kwa hiari yake. Hatuna haki ya kumtafuta mwingine, na hasa mtoto.

Siku hiyo tukajiwekea sheria. Huko Roma, mwaka 2007, mapadre na waseminari kutoka nchi mbalimbali walianza kucheza mashindano yaitwayo Clericus Cup. Walikuwa na kadi ambayo sisi hatuijui, ya bluu: mchezaji akionyeshwa, anakaa nje dakika tano, kisha anarudi kucheza. Niliipenda kwa sababu ya hilo neno la mwisho, anarudi. Tukakata jalada la daftari la bluu. Tukakubaliana kwamba anayemkaripia mwenzake kwa kukosea, atakaa nje dakika tano. Nahodha akaitunza kadi kwenye soksi.

Wakaondoka na glovu, wote, kuelekea nyumbani kwa kipa. Mimi sikwenda. Niliona safari hiyo ni yao.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo hakuja. Jumapili ya pili alikuja, akakaa katikati ya waamini pamoja na mama yake. Jumapili ya tatu, Paroko alipoinua Hostia, kengele ililia. Ililia ndefu kidogo kuliko kawaida. Nadhani mtoto alikuwa anafidia.

Tulirudiana na watani wetu baada ya Pasaka ya 2024. Beki mrefu alikuwa nyuma, mahali pake. Dakika za mwanzo tu, mpira mwepesi ulimponyoka kipa ukaingia. Wote waliganda wakinitazama mimi. Mdomo wangu, ndugu msomaji, ulikuwa umeshafunguka, nilishasema "Wewe!" kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Nahodha akaja anakimbia kutoka katikati ya uwanja. Nilifikiri anakwenda golini. Akasimama mbele yangu, akainama, akatoa kadi kwenye soksi, akaninyanyulia juu.

Nilikwenda kukaa kwenye jiwe la kona dakika tano. Watoto wa timu zote mbili walinicheka, na mama muuza karanga akanipa karanga za bure. Kutoka pale niliona yule aliyewahi kuvua glovu akimwendea kipa, akaokota mpira nyavuni, akamwambia neno ambalo sikulisikia, wakarudi mchezoni.

Tulifungwa mbili moja. Jumatatu watoto walikwenda shule wakiwa wamefungwa tena, na vidole viwili walionyeshwa. Lakini Jumamosi walikuja mazoezini wote kumi na wanne.

Mwaka huohuo wa 2024 Mwanza nzima ilikuwa ikishangilia Pamba, timu ya hapa hapa nyumbani, iliyoshuka daraja mwaka 2001 na kurudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka ishirini. Watoto wangu walikuwa hawajazaliwa iliposhuka. Mmoja aliniuliza watu walikaaje na timu iliyoshuka muda wote huo. Nikamwambia sijui, lakini bila shaka kuna waliobaki nayo.

Sasa nimerudi seminarini, na hapa nako tunafungwa: mtihani wa falsafa, maisha ya pamoja, sala iliyokauka. Nikisikia tunaanza kumtafuta mwenye kosa, naweka mkono mfukoni. Siku ya kuagana watoto wa Mkolani walinipa zawadi ndani ya bahasha. Ilikuwa ile kadi ya bluu, kingo zimeshachakaa kwa jasho la soksi. Wao, waliniambia, wamekata nyingine.