Msafiri Mmoja Katika Kundi

Wako watu waaminio kuwa asafiriye peke yake ndiye msafiri wa kweli, na kwamba afuataye kundi nyuma ya kiongozi aliyeinua mwavuli si msafiri, bali ni mzigo upelekwao. Imani hiyo nilikuwa nayo mimi pia kwa miaka mingi. Niliipata nyumbani kwetu Kiwira nilipokuwa kijana, kwa kuwaongoza wageni waliokuja kutazama Daraja la Mungu; na nimeshika kalamu leo kueleza jinsi nilivyoiacha, na sehemu yake ambayo sikuweza kuiacha.

Msomaji ambaye hajafika Rungwe ajue kuwa Daraja la Mungu ni mwamba uliolala juu ya mto Kiwira toka ukingo mmoja hata wa pili, kazi ya moto wa volkano wala si ya fundi yeyote. Katika mto huo huo kuna Kijungu, mahali maji yaingiapo katika shimo la mwamba mfano wa chungu, yakatokota bila moto, yakapotea machoni, kisha yakatokea tena kana kwamba hayakupatwa na neno. Wageni walifika kwa magari, wakashuka penye soko la ndizi na viazi kando ya barabara iendayo Tukuyu, nasi vijana tuliwangoja pale, mara nyingi katika mvua, maana kwetu asiyengoja katika mvua hangoji kamwe. Nilipata fedha kidogo za daftari na chumvi. Nilipata vilevile dharau. Niliwaona watu wazima, wenye elimu na miwani, wakisimama niliposema simameni, wakicheka niliposema neno la kuchekesha, na wakiandika katika vitabu vyao visa ambavyo nilivitunga njiani asubuhi ileile.

Kulikuwa na njia mbili za kwenda mtoni. Njia fupi ilipita katika ua wa nyumba yetu. Chini ya mgomba wa ua ule alikaa kaka yangu mkubwa, aliyepatwa na maradhi ya akili akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akiwapungia mkono wapitao na kuwaita kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Sikutaka wageni wamwone. Basi tulipofika njia panda nilikuwa na mwendo wangu maalumu: nilipaza sauti, nikaongeza hatua, nikanyosha kidole upande wa pili ulikosimama Mlima Rungwe, nikawaambia kuwa urefu wake ni karibu mita 3,000. Macho yote yaligeukia mlima. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeniuliza njia ile nyingine inakwenda wapi. Mama alilijua jambo hili wala hakunikemea. Alinitazama tu jioni nilipomletea chumvi.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 nilialikwa katika mkutano wa walimu wa lugha katika mji mmoja wa Ujerumani, na mkutano ulipokwisha nilikuwa na siku nne za kuona Berlin. Sitachosha msomaji kwa habari za viza. Nitasema tu kuwa raia wa Tanzania aombaye viza ya nchi za Schengen hutakiwa kuonyesha atalala wapi na atarudi lini, pamoja na bima ya tiba isiyopungua yuro 30,000, na kwamba mtu aliyekwisha kulipia ziara ya kundi huwa na majibu tayari mkononi. Mimi sikulipia. Nilijiambia kuwa mtu aliyewaongoza wengine hawezi kuongozwa.

Siku ya kwanza nilitoka peke yangu na ramani. Jua lilizama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Niliona mengi, lakini kila nilichokiona kilianguka ndani yangu pasipo mlio, kama jiwe katika kisima kisicho na maji. Nilisimama mbele ya nyumba moja ya zamani, nikiilinganisha na ramani. Mtu mmoja akatoka, akaniuliza nataka nini pale. Nilimjibu kuwa natazama. Akauliza, natazama nini? Hakunitukana wala hakunigusa, ila alisimama mlangoni mpaka nilipoondoka. Msomaji aweza kusema kuwa hilo ni jambo dogo. Ni dogo, naam. Lakini kuanzia pale sikuweza tena kusimama mbele ya nyumba yoyote pasipo kuandaa jibu. Usiku nilikula peke yangu katika meza ya watu wawili, na mtumishi akaondoa sahani ya pili kwa adabu kubwa.

Ni lazima niseme hapa kuwa kwetu kula peke yake si jambo la kujivunia. Monica Wilson, aliyeandika mwaka 1951 kitabu kizima juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka katika nyumba za baba zao na kujenga kijiji chao pamoja, na jinsi furaha ya kukaa na wenzi, iitwayo ukwangala, ilivyohesabiwa kuwa ndiyo malezi yenyewe. Mtu aliyekula mbalaga peke yake alitiliwa shaka. Vijiji vile havipo tena, lakini shaka ile imebaki, nami niliiona usiku ule ikikaa katika kiti cha mbele yangu.

Nikakumbuka pia wasafiri wetu wa zamani. Selim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, aliiita habari yake safari yangu, ingawa alikuwa mfuasi wa Dr. Bumiller na hakuichagua njia hata moja. Habari hiyo ilipigwa chapa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Lakini Martin Kayamba, aliyekwenda Uingereza mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, alikiita kitabu chake *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Zamani nilidhani kuwa ile "tu" ni unyenyekevu wa karani. Katika Berlin niliielewa vingine: ilikuwa ni neno la mtu aliyekuwa na wenzake wa kumthibitishia kuwa aliyoyaona aliyaona kweli.

Asubuhi ya pili nililipia ziara ya miguu. Tulikuwa watu kumi na wanane. Walikuwamo mume na mke kutoka Korea, wanafunzi wa Poland wasionyamaza, muuguzi mmoja wa Brazili, na bibi mmoja wa Ayalandi, mjane, aliyesafiri peke yake kama mimi na ambaye aliniambia mara moja kuwa amechoka kuiambia mito ya hoteli mambo aliyoyaona. Kiongozi wetu alikuwa kijana mchangamfu mwenye mwavuli mwekundu. Nilisimama mbele ya majumba makubwa kwa muda nilioupenda wala hapana aliyeniuliza nataka nini, maana tulikuwa kumi na wanane, na watu kumi na wanane watazamao kitu kimoja ni watalii, hali mtu mmoja mweusi akitazama kitu kilekile huenda akawa neno jingine. Nakiri kuwa nilifurahia kinga ile, na nakiri kuwa iliniudhi kuifurahia.

Maovu ya kundi niliyaona pia. Tulipotezewa karibu nusu saa katika duka la vikumbusho. Tulichekeshwa mahali ambapo mimi nisingecheka. Tulipofika penye ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya, uliofunguliwa mwaka 2005, wenye mawe 2,711 ya rangi ya kijivu, tulipewa dakika kumi. Niliingia kati ya mawe yale, ardhi ikashuka na mawe yakapanda mpaka yakanipita kimo, na dakika kumi zikaisha ningali natafuta njia ya kutoka.

Kutoka pale tulipelekwa penye uwanja wa kuegeshea magari ambao chini yake lilikuwako handaki la Hitler. Hapana kitu cha kuona ila magari na ubao wa maelezo, walakini tulikaa kwa muda mrefu. Kisha tukaingia katika mtaa wa Wilhelmstraße. Hapo kiongozi alipaza sauti, akaongeza hatua, akanyosha mwavuli upande wa pili wa mtaa, akaanza kisa kingine.

Mwendo ule niliujua.

Niligeuka nikatazama upande ambao mwavuli haukuelekea. Palikuwa na majumba ya kawaida ya kukaa watu, na mbele yake kibao cha ukumbusho kilichosimama kando ya njia. Ilikuwa namba 92, kiwanja cha jumba la Chansela Bismarck, mahali palipokutana wajumbe wa dola 14 kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hata tarehe 26 Februari 1885, kuzungumza habari za Afrika pasipo Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake, tarehe 27 Februari, Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya nchi alizojitwalia katika bara letu. Jumba lenyewe halipo. Nilikuwa nimepita mita chache tu kutoka pale siku iliyotangulia, na ramani yangu mkononi, wala sikupaona.

Nilimfuata kiongozi nikamwuliza kwa upole kwa nini hatukusimama. Aliona haya. Akasema kuwa ana muda wa saa tatu tu. Watu huuliza habari za Hitler na za ule ukuta, wala hapana amwulizaye habari za kibao kile. Na kwamba asingejua aseme nini mbele ya mtu kama mimi. Neno hili la mwisho lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu mimi niliyekuwa nikilisikiliza nilikuwa na mgomba wangu na ua wangu. Akawauliza wenzangu kama wako wapendao kurudi nyuma kidogo. Saba walirudi. Wengine walikwenda kunywa kahawa, nami siwalaumu. Baridi ilikuwa kali.

Tulisimama watu wanane na kiongozi wa tisa. Muuguzi wa Brazili aliniuliza kwetu ni wapi, na nani alitutwaa. Nikawaeleza kuwa mji wetu wa Tukuyu uliitwa Neu Langenburg katika ramani za Wajerumani. Kuwa wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, nao walijenga shule ambamo babu yangu alijifunza kusoma. Na kuwa mambo haya mawili hayawezi kutenganishwa katika ukoo wetu, hata nikijaribu. Niliongea zaidi ya robo saa. Kama ningalikuwa peke yangu ningalikisoma kibao kile, nikatikisa kichwa, nikaenda zangu. Bibi wa Ayalandi alisema kuwa kwao pia ziko nyumba za namna hiyo. Kiongozi alitoa daftari akaandika. Nilipoona kalamu yake ikienda niliogopa, maana nakumbuka nilivyowaandikisha wageni wangu mambo ya kutunga. Nikarudia tarehe mara mbili, taratibu.

Siku mbili zilizobaki nilizitumia hivi: asubuhi na kundi, alasiri peke yangu katika njia zile zile, nikitazama pande ambazo mwavuli haukuelekea. Sijapata ratiba bora kuliko hiyo, na nimeifuata tena katika safari nyingine moja tangu hapo.

Mwezi wa Januari walikuja Kiwira walimu wawili wageni, mume na mke, wakaniomba niwapeleke kuona Daraja la Mungu. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Tulipofika njia panda nilishika njia fupi. Kaka yangu sasa ni mzee, na mgomba wa zamani umekwisha kufa, lakini machipukizi yake yamesimama mahali pale pale, naye hukaa chini yake. Alipunga mkono. Mgeni akauliza, "Yule ni nani?" Nikasema, "Ni kaka yangu," nikawaita wakamsalimu.

"Mugonile," aliwaambia, kisha akamwita yule mwanamke kwa jina la shangazi yetu. Mwanamke akaitika.

Nilidhani amali ile imekwisha, nikageuka kuendelea na safari. Lakini kaka aliinuka, akachukua fimbo yake, akatangulia mbele kuelekea mtoni. Alisimama mara mbili njiani: mara ya kwanza kutazama ng'ombe wa jirani, mara ya pili sikujua anatazama nini. Wageni walisimama pia, wakatazama upande huo.