Kioo cha pikipiki ya baba watoto

Wazazi wenzangu mnaoishi Songea mnaijua baridi ya Juni na Julai. Huku Mshangano, saa kumi na mbili asubuhi, bodaboda wanavaa makoti kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Mume wangu anafundisha kijijini, barabara ya Njombe, na huondoka muda huohuo. Mwaka jana alifunga kioo cha kukinga upepo, kile cha plastiki kinachosimama juu ya taa, tukafurahi kwamba kifua kitapona.

Kifua kilipona. Kikaja kichwa. Alirudi jioni shingo imekakamaa, masikio yanavuma, hataki redio, hataki kelele za watoto. Mdogo wetu wa darasa la kwanza akaanza kuniuliza, "Mama, baba amekasirika?" Nikamwambia amechoka. Lakini kabla ya kioo alikuwa akichoka pia, na bado alikagua madaftari yao.

Fundi wa hapa mtaani ndiye aliyetueleza. Upepo ukigonga kioo haupotei. Unapanda, unaruka ukingo, halafu unavurugika. Kioo kifupi huuacha umpige dereva kifuani, wa baridi lakini umenyooka. Kirefu huupitisha juu ya kichwa. Cha katikati, kama chetu, kinaweza kuutupa ukiwa umevurugika moja kwa moja kwenye helmeti, ikatikisika na kuvuma njia nzima.

Nikauliza, si tununue kirefu kabisa? Akakataa, na hapo nilimwelewa haraka kuliko mume wangu. Kioo kirefu unatazama kupitia ndani yake. Plastiki ikishachubuka kwa vumbi na kufutwa na kitambaa kikavu, taa ya gari linalokuja usiku husambaa kote, huoni mtu wala shimo. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, maana hakina waipa. Tena barabara yetu ina malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka. Likikupita, kioo kikubwa hushika upepo kama tanga na usukani unayumba. Mwenye mume barabarani hahitaji kuelezwa zaidi.

Akamkalisha kwenye pikipiki, helmeti kichwani. Akae anavyokaa siku zote, si wima kama yuko kwa mpiga picha. Ukingo wa juu uwe kati ya pua na kidevu, macho yapite juu yake. Kisha aendeshe mahali patupu kwa mwendo wake wa kawaida, ajikunje kidogo, halafu ajinyooshe. Kelele ikipungua akijikunja, kioo ni kifupi kwake. Ikipungua akijinyoosha, kichwa kimeufikia upepo safi, basi kioo kishushwe.

Chake kilishushwa vidole vitatu. Baridi imerudi kifuani kidogo, kwa hiyo mwalimu mzima sasa anavaa koti kinyumenyume kama vijana wa kijiweni. Madaftari yanakaguliwa.

Limebaki la kijana wetu mkubwa, aliyepata leseni juzi. Ni mfupi kuliko baba yake, na akiichukua pikipiki Jumamosi kwenda sokoni, ukingo unamkata machoni kabisa. Baba anataka kioo kifunguliwe siku hizo. Kijana anasema kufungua boliti nne ni usumbufu. Spana nimeitundika msumari mmoja na funguo.