Kosa la Nani?

Lawama ni mzigo ambao kila mtu hupenda kuutua juu ya kichwa cha mwenziwe. Mimi ni mwalimu wa shule. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kutafuta sababu ya jambo kabla ya kulihukumu. Lakini sikiliza, msomaji wangu, jinsi nilivyoisahau kanuni hiyo nyumbani kwangu.

Nilipokuwa chuoni nilinunua katika soko la Toi mashine ndogo ya michezo, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Jina lake ni Game Boy, nayo ilitolewa Japani mwaka 1989. Hushikwa kwa mikono miwili, na nguvu yake hutoka katika betri 4, kila moja ya volti 1.5. Kazi iliponizidi niliitia sandukuni, nikaisahau.

Likizo moja mpwa wangu alikuja kukaa nami Kawangware. Jioni nilimkuta ameishika mashine ile, haiwaki.

"Umeiangusha," nikasema.

"Hapana, mjomba. Nimeikuta hivi hivi."

Sikumsadiki. Nilimnyang'anya, nikamkataza kutoka kucheza na wenzake kwa siku 3. Siku hizo alikula chakula chake kimya, wala hakuniangalia usoni.

Siku ya nne nilipanda matatu hadi mjini, nikaenda barabara ya Luthuli, penye mafundi wengi wa redio, simu na televisheni. Fundi niliyemwendea hakuuliza ni nani aliyeiharibu. Alifungua kifuniko cha betri tu, jambo ambalo mimi sikulifanya. Betri za zamani zilikuwa zimevuja, na unga mweupe umevifunika vyuma vya kupitishia umeme.

"Nani aliziacha humu, mwalimu?" akauliza.

Nilinyamaza, maana jibu nilikuwa nalo.

Alizitoa, akachovya pamba katika siki, akavipangusa vile vyuma. Povu dogo likatoka. Kinachovuja katika betri za namna ile ni alikali, na siki ni asidi; zikikutana, moja huiondolea nyingine ukali wake. Kisha akasugua kutu kwa msasa laini, akapangusa kwa spiriti, akaacha pakauke, akatia betri mpya. Taa nyekundu ikawaka. Kazi yote haikupita nusu saa.

Kumwomba radhi mtoto ni jambo zito kwa mtu mzima, na kwa mwalimu ni zito zaidi. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilimwita mpwa wangu nikamwambia, "Kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Akaniangalia usoni. "Kama isingetengenezeka, mjomba, ungejua?"

Sikuweza kumjibu, na swali lile lingali nami hata leo.

Basi, msomaji, chombo usichokitumia kitoe betri kabla ya kukiweka. Na siku kitakapokataa kuwaka, fungua kifuniko chake kabla hujafungua kinywa chako.