Wino mweusi peke yake

Wengi mnauliza kwa nini tangazo letu la kipindupindu, lile linalobandikwa penye bomba za maji, halina rangi nyingi. Ninalipanga mimi kwenye kompyuta, kwa Scribus, programu isiyolipiwa.

Kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa mwanga. Karatasi haina mwanga. Kijani kinachowaka kwenye kioo hutoka kimefifia kama jani la jana. Hilo ni dogo.

Kubwa ni herufi. Mashine huchapa kwa wino za aina nne. Herufi ndogo zikipewa zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu, kila herufi inapata kivuli. Ndiyo maana ninaziwekea nyeusi peke yake, asilimia 100. Tangazo linasema: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama aliyekimbia kijiji na kuacha miwani nyumbani, mtoto anaharisha mgongoni, 6 yenye kivuli ataisoma 8. Na hiyo nusu ya chumvi je?

Alama ya redio yetu iko pale chini, na rangi zake. Ikififia, si neno.